Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya huduma za uzazi: mimba ya mapacha ihudumiwe kama mimba ya mapacha

Kwa Waheshimiwa viongozi wa wizara, wajumbe wa bodi za hospitali, na wakuu wa idara za uzazi na watoto wachanga,

YAH: USALAMA WA MAMA NA WATOTO KATIKA MIMBA YA MAPACHA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeshaibisha. Malalamiko tuliyoyapeleka kwa maandishi, mimi na wazazi wenzangu, yalijibiwa kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi, kisha kukawa kimya. Wakunga wanaotuonea huruma wanatuambia pembeni kwamba nao wamekwisha kulalamika, na wao pia hawajajibiwa. Kwa heshima zote, naomba mlisome hili mbele ya watu na mlijibu mbele ya watu.

Mimi ni mama wa mapacha. Niliwabeba wawili, nalea mmoja. Siandiki kutafuta pole, wala sitamtaja mtu au hospitali, maana yaliyonipata hayakutokana na mtu mmoja aliyekuwa zamu siku moja. Yametokana na utaratibu. Mwanamke akionekana ana watoto wawili tumboni, kadi yake huandikwa "mapacha", hupongezwa, halafu hupangiwa mahudhurio yale yale, vipimo vile vile na tarehe ile ile ya matarajio kama mwenye mtoto mmoja. Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Nyingi ya hatari za mimba hii zinajulikana miezi kadhaa kabla hazijafika, na baadhi zina hata wiki zake. Mtu wa kuzingojea ndiye hayupo.

Wala hatuzungumzii jambo la nadra. Kila mwaka huzaliwa duniani takriban jozi milioni 1.6 za mapacha, yaani katika kila watoto 42 mmoja ni pacha, na kiwango hicho kimepanda kwa karibu theluthi moja tangu miaka ya 1980. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na takriban mmoja kati ya kumi huzaliwa kabla ya wiki ya 32. Mapacha watatu, kwa wastani, huzaliwa karibu na wiki ya 32. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Afrika Kusini mwa Sahara ulikuta kwamba pacha mmoja kati ya watano hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, karibu mara tatu ya watoto waliozaliwa peke yao. Vifo vya watoto waliozaliwa peke yao vimekuwa vikipungua kwa kasi kuliko vya mapacha. Maana yake ni kwamba maendeleo tunayoyasherehekea yanawaacha hawa nyuma.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yetu.

1. Hakuna anayetuambia kama watoto wanagawana kondo la nyuma.

Naanza na hili na nitakaa nalo, kwa sababu ndilo mzizi wa mengine. Watu huuliza kama mapacha watafanana au la. Kwa usalama wa mimba, swali la kwanza ni kama kila mtoto ana kondo lake. Wasiofanana karibu daima wanalo kila mmoja. Wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika, na yote hutegemea liligawanyika lini. Likigawanyika katika siku tatu za mwanzo, kila mtoto hupata kondo lake na mfuko wake wa maji. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, watoto hugawana kondo moja ingawa kila mmoja ana mfuko wake. Likichelewa zaidi ya hapo, hukaa katika mfuko mmoja, na kamba zao za kitovu zinaweza kusokotana.

Watoto wanaogawana kondo huunganishwa na mishipa ya damu. Katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100 za aina hii, damu huanza kuelemea upande mmoja. Mtoto anayetoa hupungukiwa, figo zake hupunguza mkojo, na maji yanayomzunguka hukauka mpaka utando unamganda mwilini. Anayepokea hukojoa kupita kiasi, moyo wake huelemewa, na tumbo la mama hufura kwa siku chache tu. Hali hii ikiwa kali katikati ya mimba na ikaachwa bila tiba, mara nyingi mno watoto wote wawili hufa. Mmoja akifa akiwa bado tumboni, damu ya mwenzake inaweza kukimbilia kwa yule aliyefariki. Takriban 15 kati ya 100 humfuata, na wanaosalia wako katika hatari kubwa ya kuumia ubongo.

Tiba ipo. Daktari huingiza kamera nyembamba ndani ya mji wa mimba na kuifunga mishipa hiyo kwa leza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba njia hii huokoa watoto wengi zaidi kuliko kupunguza maji kwa sindano. Lakini leza haimsaidii mtu ambaye tatizo lake halijaonekana, na ili lionekane, mama anayebeba watoto wa kondo moja anapaswa kupimwa kwa ultrasound kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Ili apangiwe ratiba hiyo, lazima kwanza mtu ajue kwamba kondo ni moja.

Na hilo la kujua si kazi kubwa. Kabla ya wiki ya 14, mpimaji hutazama mahali utando unaowatenganisha watoto unapokutana na kondo. Ukitanuka pale chini kama pembetatu, makondo ni mawili. Ukisimama wima kama herufi T, kondo ni moja. Ni suala la dakika chache, kwa mashine ile ile, mama akiwa amelala pale pale. Wiki zikipita, alama hizo hufifia, na kilichokuwa rahisi kinakuwa cha kubahatisha.

Karatasi yangu iliandikwa: mapacha, mapigo ya moyo yapo, wote wazima. Tumbo lilipofura ndani ya wiki moja na kupumua kukawa kazi, nilijibiwa kwamba mapacha ndivyo walivyo. Wanawake wengi ninaowafahamu wamejibiwa maneno hayo hayo. Waheshimiwa, tumbo kufura ghafla katika mimba ya mapacha ni dalili ya hatari, na anayekuja nalo apimwe siku hiyo hiyo.

2. Mama mwenyewe anasahauliwa.

Mwenye mimba ya mapacha ana uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kupata shinikizo la damu la mimba linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Upungufu wa damu humwandama zaidi, na kisukari cha mimba pia. Dozi ndogo ya aspirini kila siku kuanzia wiki ya 12, kwa wale ambao daktari ameona hatari yao ni kubwa, hupunguza uwezekano wa shinikizo hilo. Dawa hii ni ya zamani na haina makuu. Wengi wetu tuliisikia baada ya kujifungua.

Badala yake tunaambiwa tulale. Kulala kitandani wiki nzima nzima hakuzuii uchungu wa mapema, na kushona mlango wa kizazi kwa kila mwenye mapacha, bila sababu nyingine, hakujaonekana kusaidia. Mwanamke anaacha kazi, analala, anavimba miguu, damu inaanza kuganda kwenye mishipa, na shinikizo lake halijapimwa tangu mwezi uliopita.

3. Siku ya kujifungua inafika kama ajali.

Mimba ya mapacha haingojewi wiki ya 40. Miongozo inayotumika sehemu nyingi husema hivi pale ambapo hakuna tatizo jingine: wenye makondo mawili wajifungue karibu na wiki ya 37, wa kondo moja karibu na wiki ya 36, na walio katika mfuko mmoja kati ya wiki ya 32 na ya 34 kwa upasuaji. Baada ya hapo hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda. Unaona jinsi tunavyorudi kule kule: bila kujua kondo ni ngapi, tarehe yenyewe haiwezi kupangwa.

Hatudai kila mwenye mapacha apasuliwe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliowashirikisha wanawake wapatao 2,800 katika nchi 25, ulionyesha kwamba pacha wa kwanza akiwa ametanguliza kichwa, kupanga upasuaji hakuwapi watoto usalama zaidi ya kupanga kuzaa kwa njia ya kawaida. Ila katika utafiti ule walikuwapo wataalamu wenye uzoefu wa kumzalisha pacha wa pili. Sharti hilo lisiachwe njiani.

Doto ndiye mwenye safari ngumu. Kurwa akishatoka, nafasi inapanuka. Doto anaweza kujigeuza akalala upande, kamba ya kitovu ikatangulia, au kondo likaanza kubanduka kabla hajatoka. Wakati huo anahitajika mtu anayejua kumgeuza au kumvuta kwa miguu, na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Mkunga mmoja, kitanda kimoja cha kumhuishia mtoto na kifaa kimoja cha kumpumulishia havitoshi kwa watoto wawili wanaoweza kuhitaji msaada ndani ya dakika zile zile. Tumeshuhudia mkunga akilazimika kuchagua. Asiwekwe tena mahali pa kuchagua.

Kuna pia ile sindano ya kuzuia mama asitokwe damu. Kabla ya kuichoma, mkunga anapaswa kupapasa tumbo kuhakikisha hakuna mtoto mwingine ndani. Pacha ambaye hakugunduliwa kliniki, mama akichomwa sindano wakati yeye bado yumo, hubanwa na mji wa mimba unaojikaza. Hatari hii inaondolewa na mkono wa mtu juu ya tumbo. Na watoto wakishatoka wote, mji wa mimba uliotanuka kwa ajili ya wawili huchelewa kujikaza, kwa hiyo damu nyingi itarajiwe. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: damu ilipopimwa kwa mfuko wenye alama badala ya kukadiriwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja mara moja, matukio makubwa yatokanayo na kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Wenye mapacha wawe wa kwanza kuwekewa mfuko huo.

4. Watoto njiti na mama zao wanatenganishwa.

Mtoto anayetarajiwa kuzaliwa kabla ya wiki ya 34 husaidiwa na sindano anayochomwa mama ili mapafu ya mtoto yakomae. Faida yake ilionyeshwa New Zealand mwaka 1972. Hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa ndani ya siku saba tangu ichomwe, na inataka umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, mama asiwe na maambukizi, na wodi ya watoto iwe na uwezo wa kuwapokea. Mama anayefika na uchungu mkali kwenye kituo kisicho na wodi hiyo amekwisha kupoteza nafasi yake. Ndiyo maana mwenye mapacha anapaswa kujua mapema atajifungulia wapi.

Wakishazaliwa, watoto hawa wanahitaji joto, hewa na maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwafuatilia watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliowekwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12.0 katika siku 28 za mwanzo. Wale waliosubiri mpaka hali yao itulie walifariki asilimia 15.7. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza huduma hiyo ya kangaruu ianze mara moja. Hata hivyo bado kuna wodi ambako mama yuko jengo hili na wanawe jengo lile, na huitwa kwa saa. Mwenye mapacha huambiwa kwamba kifua hakitoshi wawili. Kinatosha, na kikichoka kipo cha baba, cha bibi au cha shangazi, mradi waruhusiwe kuingia.

Tunaambiwa pia kwamba maziwa hayatatosha, mara nyingi hata kabla ya tone la kwanza. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa. Mama akisaidiwa kukamua dang'a katika saa za mwanzo na kuendelea usiku na mchana, wengi huwatosheleza wawili. Anayeshindwa asilaumiwe, lakini wengi hawakushindwa. Walikatishwa tamaa mapema.

5. Doto aliyekufa hayumo daftarini.

Daftari la wazazi lina mstari mmoja kwa kila mama. Mapacha wakizaliwa, mmoja hai na mmoja mfu, kinachobebwa kwenda kwenye ripoti ya mwezi mara nyingi ni yule aliye hai. Aina ya kondo haina hata safu yake. Mkikaa kwenye vikao vyenu na kuona tarakimu nzuri, jueni kwamba baadhi ya watoto wetu hawakuhesabiwa.

Na mama wa huyo ambaye hakuhesabiwa huambiwa, "Shukuru, umebaki na mmoja." Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Lakini amezaa wawili, amempoteza mmoja, na anatakiwa amnyonyeshe mwingine akiwa na msiba. Apewe nafasi ya kumwona na kumshika mtoto wake. Mtoto atajwe kwa jina lake kama alipewa jina. Na mama aulizwe hali yake, si siku ile tu bali hata miezi baadaye, kwa kuwa sonona baada ya kujifungua huwapata zaidi wazazi wa mapacha.

6. Kliniki za upandikizaji mimba zinajiamulia.

Wanandoa waliohangaika miaka mingi kutafuta mtoto hukubali kupandikizwa viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) viwili au vitatu kwa tumaini la kupata angalau mmoja, na hawaelezwi kwamba tumaini hilo lina bei ya watoto njiti. Uswidi iliweka kanuni mwaka 2003 ya kupandikiza kimoja kimoja kwa wengi. Uingereza, ambako zaidi ya mimba 20 kati ya 100 za namna hii zilikuwa za mapacha au zaidi miaka ya 1990, ilifika takriban 6 mwaka 2019, na nafasi ya kupata mtoto haikushuka kwa sababu hiyo. Hapa hakuna kinachokosekana zaidi ya kanuni na mtu wa kuisimamia.

Waheshimiwa, najua baadhi ya majibu yanayokuja.

Mtasema vifaa ni vichache. Ni kweli kwa leza, na ni kweli kwa mashine za kusaidia kupumua. Si kweli kwa kuandika neno moja kwenye karatasi ya kipimo ambacho kimekwisha kufanyika, wala kwa kupapasa tumbo kabla ya sindano, wala kwa kumfungulia mama mlango wa wodi.

Mtasema wajawazito wanachelewa kuja kliniki. Wapo. Lakini waliowahi nao hawaambiwi aina ya kondo, kwa hiyo kuchelewa si sababu. Na kwa aliyechelewa, utaratibu salama unajulikana: kondo lisipotambulika, mimba ihudumiwe kama ya kondo moja.

Mtasema mwongozo upo. Naamini upo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate angalau ultrasound moja kabla ya wiki ya 24. Ninachouliza ni nani hukagua kama unafuatwa, na mara ya mwisho alikagua lini.

Mtasema, pengine kwa upole, kwamba mapacha ni mpango wa Mungu. Nami ni mcha Mungu. Wanangu walikuwa mpango wake wote wawili.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Kuanzia sasa, ripoti yoyote ya ultrasound ya mapacha isiyotaja idadi ya makondo na mifuko ihesabike haijakamilika na irudishwe kwa aliyeiandika. Mama aelezwe majibu hayo kwa lugha anayoielewa na yaandikwe kwenye kadi yake, pamoja na dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

(b) Wenye kondo moja wapangiwe kipimo kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, na pawepo kituo kinachojulikana cha kuwapeleka tatizo likionekana, chenye simu inayopokelewa.

(c) Kila mwenye mapacha awe na mpango wa kujifungua ulioandikwa mapema: wiki gani, hospitali gani, na nani atakayekuwapo kwa kila mtoto.

(d) Wodi za watoto wachanga zitengeneze nafasi ya mama kulala na wanawe, na mtu mmoja wa familia aruhusiwe kusaidia kubeba.

(e) Daftari liwe na mstari kwa kila mtoto, hai au mfu, na vifo vya mapacha vijadiliwe peke yake kwenye vikao vya kupitia vifo.

(f) Kliniki za upandikizaji ziwekewe kikomo cha viinitete na zilazimike kutangaza kila mwaka idadi ya mimba za mapacha zilizotokana na kazi yao.

Kuhusu (a) na (e) hatuoni sababu ya kungoja bajeti, na tunaomba utekelezaji ndani ya siku 30. Kwa mengine tunaomba ratiba yenye tarehe na majina ya ofisi zitakazowajibika, itangazwe hadharani ndani ya siku 90. Mkituita, tutakuja, na tutakuja na kadi zetu za kliniki ili msome wenyewe kilichoandikwa na kisichoandikwa.

Naomba kuwasilisha.

Mzazi wa mapacha,
kwa niaba ya wazazi wenzangu

Nakala:
Vyama vya wakunga na madaktari wa uzazi
Wajawazito wote wenye mapacha